Mtoto kakuomba umsaidie kampeni ya LGBT shuleni kwao? Haya ndio tuliyojifunza Glasgow

Ilikua jumamosi nakaanga vitumbua, nje mvua ya Glasgow ile isiyojua kukatika, mwanangu akaingia na wenzake watatu wamelowa chapachapa, wakakaa mezani wakafungua laptop. Mama tunataka kwenda mbele ya baraza la wazazi. Kuhusu nini? Wakaangaliana. Kumbe kuna mwenzao anaitwa majina ya matusi kila siku kwenye korido na walimu wanapita kama hawajasikia, alafu yale masomo ya LGBT, yaani kuhusu watu wanaopenda wa jinsia yao au zote mbili na waliobadili jinsia, ambayo shule imeandika kwenye tovuti yake kwamba inafundisha, wao tangu waingie S1, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, hawajayaona ata siku moja. Wanataka mtu mzima wa kuwashika mkono. Mimi mtu wa Tanga, nimekulia madrasa, nikasimama na mwiko wangu pale mpaka vitumbua viwili vikaungua.

Tangu wakati ule wazazi kama watano wamenipigia, Waswahili wenzangu wa hapa na wa Edinburgh na mama mmoja wa Bukavu, watoto wao wamewaomba kitu hicho hicho na hawajui waanzie wapi. Kwaiyo naandika mara moja nisirudie kwenye simu. Na naandika kuhusu Uskoti tu mana ndio ninakokujua. England wana utaratibu wao, masomo yao ya mahusiano yalikua lazima kuanzia Septemba 2020 na sheria zake ni nyingine, ukinakili barua yetu ukaipeleka Manchester watakucheka.

Kitu cha kwanza, watoto wasianze kwa kuomba. Waanze kwa kujua nini kimeshaahidiwa, mana hapa ahadi ipo, tena kubwa. Novemba 2018 serikali ya Uskoti ilikubali mapendekezo yote 33 ya kamati iliyoundwa kushughulikia jambo hili, yaani shule zote za serikali zifundishe kwa namna ambayo watoto wa LGBT na familia zao wanaonekana kwenye masomo ya kawaida, na 2021 ikatoka tovuti ya vifaa na mafunzo ya walimu. Sio somo jipya lenye kipindi chake. Ni hesabu ambayo Calum na baba zake wawili wananunua tiketi za treni, ni kumtaja Alan Turing, mmoja wa waasisi wa kompyuta, alafu kusema pia nchi yake ilimhukumu kwa kupenda wanaume. Basi mtoto akienda kwa mkuu wa shule hasemi "tunaomba", anasema "mliahidi, mmefika wapi?" Hayo mazungumzo ni tofauti kabisa, nimeyaona kwa macho.

Na hiyo ahadi haikushuka kutoka juu. Ilianza 2015 na watu wawili, Jordan Daly aliyekua kijana mdogo tu, na Liam Stevenson, dereva wa lori la mafuta, mwenye mtoto wa kike, wala yeye mwenyewe sio shoga. Walijuana kwenye kampeni za kura ya uhuru wa Uskoti 2014. Wakaanzisha kampeni wakaiita TIE (Time for Inclusive Education, yaani wakati wa elimu isiyomuacha mtu), wakapeleka ombi bungeni, ombi likafungwa bila kuwapa walichotaka, wakaanza kuzunguka kwa wabunge mmoja mmoja kuwasainisha ahadi mpaka wakapata zaidi ya nusu ya wale 129. Mimi hiyo habari niliwasomea watoto mezani, yule mdogo akauliza kwaiyo tukikataliwa tunaendelea tu? Ndio baba, unaendelea tu.

Kingine cha kukijua kabla hujamlaumu mwalimu. Kulikua na sheria ya 1988, ya wakati wa waziri mkuu Thatcher, wanaiita Kifungu cha 28, iliyokataza halmashauri "kuhamasisha" ushoga. Uskoti iliifuta Juni 2000, kura 99 kwa 17, baada ya vita kali ambayo tajiri mmoja wa mabasi, Brian Souter, aligharamia kura yake binafsi ya posta nchi nzima na waliojibu zaidi ya milioni wengi wao wakataka sheria ibaki. England na Wales ikafutwa 2003. Sasa piga hesabu, mwalimu wa miaka 50 leo alikua mwanafunzi wakati ule, amekua akiona walimu wake wananyamaza. Wengine hawana chuki, hawajui tu waseme nini wakisikia lile neno koridoni, na mtu asiyejua aseme nini anajifanya kutafuta funguo.

Sasa ushahidi. Hapa ndio muda mwingi uende. Watoto walinunua daftari, wiki tatu wakaandika tarehe, mahali, neno lililosemwa, na kama kulikua na mtu mzima karibu. Bila jina la aliyetukanwa, hilo nilisisitiza na ndio kitu pekee nilichosisitiza. Alafu wakaandika barua pepe kwa halmashauri chini ya sheria ya uhuru wa taarifa ya Uskoti ya 2002, wakauliza matukio mangapi ya uonevu wa aina hii yameandikishwa shuleni kwao kwa miaka mitatu, na walimu wangapi wamepata yale mafunzo. Mtu yeyote anaweza kuuliza, ata mwanafunzi, ni bure kwa maswali madogo kama haya, na wana siku 20 za kazi kukujibu. Mjue tu namba ikiwa chini ya tano mara nyingi wanaificha ili mtoto asitambulike, msidhani ni njama. Sisi jibu lilikuja hivo, "chini ya tano" kila mwaka, na daftari la wiki tatu lilikua limejaa kurasa nne. Hizo karatasi mbili zikiwekwa pamoja mezani hauhitaji hotuba.

Barua yenyewe waandike wao. Nilijaribu kuongeza sentensi moja nzuri, kitu kama sisi kama jamii tunaothamini utu wa kila mmoja, binti mmoja akaisoma akaifuta pale pale mbele yangu, akasema anti, hii sauti yako. Kweli. Ukurasa mmoja, maombi machache yanayoweza kupimwa: mwalimu akisikia tusi asimamishe palepale na aliandikishe, tarehe ya mafunzo ya walimu itajwe, na kila muhula idara moja ionyeshe somo moja ililolifanyia kazi. Wao wakataka na bendera ya upinde wa mvua, ile ya LGBT. Mimi nilipinga, kwangu bendera ni rahisi sana, shule inaitundika Juni, mwezi wa sherehe za LGBT, inapiga picha na kazi imeisha. Tukapiga kura nikashindwa, bendera ikaingia namba nne. Ndio maana yake kampeni ni yao.

Baraza la wazazi lipo kwa sheria ya 2006 na vikao vyake kwa kawaida viko wazi, kwaiyo huhitaji kujuana na mtu, unamuandikia mwenyekiti wiki mbili kabla unaomba dakika kumi. Fanyeni mazoezi nyumbani na mtu wa kuuliza maswali mabaya, mimi ndio nilikua mbaya nikafurahia sana. Ila siku yenyewe niliharibu na naomba usirudie kosa langu. Kikao kilikua maktaba, tumekaa kwenye vile viti vya watoto magoti yako kidevuni, baba mmoja akamuuliza binti yetu, je wewe unaona mtoto wa miaka 12 ni mdogo mno kwa haya? Binti akavuta pumzi ajibu. Nikajibu mimi. Nilijibu vizuri tu, wazazi wakatikisa vichwa, lakini yule binti hakufungua mdomo tena mpaka mwisho na kwenye gari alikua anaangalia dirishani. Nilimuomba radhi kesho yake. Toka hapo nakaa mstari wa nyuma, nabeba krisps na chaja, naendesha gari. Wakigeuka kunitazama naangalia sakafu.

Sasa nije kwenye siri, na hapa tafadhali tulia usome. USIULIZE nani kati yao ni nani. Mpaka leo sijui na sijali, wengine wako pale kwa sababu ya rafiki, kama Liam. Mtu akikuuliza "na wa kwako naye ndio hivo?" unasema wanafanya kazi nzuri, hapo hapo unauliza habari za mama yake. Picha hakuna, wala ya kikundi wala ya mezani na laptop ina stika za upinde, mana unajua magrupu yetu ya WhatsApp ya ukoo, picha ikitoka Glasgow saa nne, saa tano iko Tanga na saa sita iko kwa shangazi asiyekupenda. Na huyo mtoto julai anapelekwa likizo nyumbani. Tanzania bara adhabu kwenye vitabu ya mapenzi ya jinsia moja ni miaka 30 mpaka maisha, Kenya 14, Uganda kuna sheria ya 2023 yenye mpaka adhabu ya kifo. Mtoto wa Kiskoti mwenzake hana huo wasiwasi, wa kwetu anao, na waandaaji wa kizungu mara nyingi hawalifikirii kabisa, kwaiyo lisemeni mapema: nani jina lake lisiandikwe kwenye gazeti la shule, nani asitokee mbele.

Alafu jilinde na wewe. Usianzishe kikundi cha siri nyumbani kwako. Tafuteni mwalimu mmoja anayekubali kuwa mlezi wa kikundi, kikutane shuleni, na kwenye grupu la meseji wawe watu wazima wawili, usichati na mtoto wa mtu peke yenu. Mtoto akikwambia anapigwa nyumbani au anafikiria kujidhuru hiyo sio siri ya kutunza, mwambie wazi kwamba lazima umshirikishe mwalimu wa ulinzi wa watoto, na umpe namba ya Childline, simu ya msaada kwa watoto, 0800 1111, ni bure na simu haionekani kwenye bili.

Wazazi wanaopinga watakuepo na wengi ni sisi, tusidanganyane. 2019 kule Birmingham wazazi, wengi Waislamu, waliandamana nje ya shule za msingi kupinga masomo haya miezi kadhaa mpaka mahakama kuu ikaweka zuio nje ya shule moja. Naamini sehemu ya moto ule ni kwamba watu walikua hawajaoneshwa karatasi yenyewe. Kwaiyo onesha karatasi. Kuna mzee mmoja tunayemheshimu sana, nilimwamkia, tukakaa, akaniuliza moja kwa moja, bibi, wanawafundisha kufanya? Nikamtolea somo lenyewe, mvulana anaitwa majina kwenye basi, maswali matano chini. Akasoma mpaka mwisho na miwani yake. Akasema hii ni adabu tu. Alafu akaongeza, ila hayo mengine sijakubali. Sawa mzee wangu, sikuja kwa hayo mengine. Mwambieni mzazi pia kwamba masomo ya afya ya uzazi hapa ana haki ya kuomba mwanae asihudhurie, hayo ni mambo mawili tofauti watu wanayachanganya makusudi. Na sheria ya usawa ya 2010 inayomlinda huyu mtoto ndio hiyo hiyo inayotaja dini, ndio binti yako anayoitegemea shule ikimbagua kwa ajili ya hijabu yake.

Lugha pia. Watoto wetu wanajua maneno ya kiingereza tu, wakija kuongea na bibi kwenye simu wanabaki na matusi waliyoyasikia, mana neno la heshima hakuna aliyewapa. Sisi tulikaa jioni moja tukatafuta. Shoga, nikawaambia, pwani mwanamke anamuita rafiki yake hivo mchana kweupe, shoga yangu njoo, hakuna anayeshtuka. Huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ya kike na ya kiume, neno lipo toka zamani, kwenye fiqhi ana mlango wake kabisa, mirathi yake na swala yake, kwaiyo usiniambie wazee wetu hawakujua kwamba kuna watu wa namna hiyo. Mengine tukakubaliana kusema kwa urefu, mtu anayependa wa jinsia yake, inatosha.

Shule ikikubali ndio ujue kazi mpya, mana inakubali kwa maneno. Omba tarehe kwa maandishi. Wetu walipewa siku ya mafunzo ya walimu, ikaahirishwa mara mbili, watoto wakatuma barua pepe ya mistari miwili kila jumatatu bila matusi mpaka ikafanyika. Bendera ilipanda siku ya kwanza, nilijua tu.

Na watoto wanamaliza shule, hilo kampeni nyingi zinasahau. Wawili kati ya wale wa mezani kwangu wameshaondoka. Kabla hawajaenda niliwaomba kitu kimoja, kila kitu kiwe folda moja, barua, majibu ya halmashauri, daftari limepigwa picha, majina ya walimu waliosaidia na nywila, apewe mtu wa madarasa ya chini. Anayo binti wa S2 saivi. Ombi la pili la taarifa kalituma jumanne, kaongeza swali ambalo hakuna aliyemfundisha, kwamba walimu wapya walioajiriwa baada ya yale mafunzo wao wamefundishwa lini, na siku zake 20 zinaisha mwezi ujao.