Fimbo moja ya kuvulia, maji baridi na maji chumvi

Ukitaka fimbo moja ya ziwani na baharini, anza kukagua pete zinazopitisha mshipi. Hapo ndipo chumvi huanzia kazi yake. Tafuta pete za chuma cha pua kizuri au titani, zenye kauri laini ndani. Kisha tazama mguu wa pete unapozama chini ya uzi unaoufunga kwenye fimbo: gundi iwe imefunika pote, isiwe na ufa wala povu, maana maji chumvi yakipenya hapo kutu hula kimyakimya.

Kuhusu mti wenyewe, faibaglasi ni nzito kidogo lakini huvumilia kugongwa. Kaboni ni nyepesi na hukujulisha samaki akidonoa tu, ila pigo dogo ubavuni huacha ufa usioonekana, kisha hukatika siku ya samaki mkubwa. Kwa matumizi ya pande zote mbili mimi napendelea mchanganyiko wa hizo mbili, urefu wa mita 2.1 hivi.

Na kila utokapo baharini, isuuze kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hasa panapokaa rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi. Pitisha pamba ndani ya pete. Ikinasa nyuzi, kauri imepasuka na itakukatia mshipi.