Uyoga usiung'oe, uchimbue

Msimu wa mvua ndio huu, uyoga umeanza kutoka. Ukikuta usioujua vizuri, usiung'oe kwa kuvuta. Chimbua na kisu mpaka chini kabisa. Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu unaozama hadi kwenye kiota cha mchwa. Ukikuta shina limekaa ndani ya kijifuko cheupe kama ganda la yai, achana nao, huo huenda ni amanita, na ndani ya kundi hilo wamo wauaji.

Ukifika nyumbani, kata kofia moja, ilaze kifudifudi juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, funika na bilauri mpaka asubuhi. Utakuta vumbi lililodondoka kutoka kwenye kofia limechora mistari. La uyoga wa kichuguu huwa na uwaridi hafifu. Likiwa kijani, umeokota ule mweupe wa kwenye nyasi, unaotapisha vibaya.

Rangi hiyo inakusaidia kukataa tu, ruhusa ya kula haitoi. Na yale ya kupima sumu kwa kuuchemsha na kitunguu saumu, au eti konokono kautafuna hakufa? Usiyaamini. Konokono si wewe.