Kuchagua Kichwa cha Risasi kwa Bunduki Kuukuu ya Kuwindia

Ukijaza risasi mwenyewe, kichwa (ile sehemu inayoruka) ndicho cha kuamua kwanza, kisha baruti na kipimo chake hufuata. Na kwa bunduki ya zamani, kichwa hakichaguliwi kwa kusoma boksi. Kinachaguliwa kwa kuupima mtutu.

Jina lililogongwa kwenye chuma si ushahidi wa kutosha. Mfano mzuri ni 8x57, aina ya risasi ya Kijerumani. Za mwanzo, zenye alama ya I au J, zina mtutu wa kichwa cha mm 8.08. Toleo la S, lililoingia jeshini Ujerumani kati ya 1903 na 1905, linatumia mm 8.20. Ganda (kikopo cha shaba kinachobeba baruti na kichwa) ni lile lile, na mafundi waliendelea kutengeneza bunduki za kuwindia za mtutu mwembamba hata baada ya hapo. Ukilazimisha kichwa cha mm 8.20 kwenye mtutu wa mm 8.08, presha inapanda mno. Kosa la upande wa pili ni kupakia kichwa cha mm 7.82, kile cha risasi za .30-30 na .30-06, kwenye bunduki ya .303 kama Lee-Enfield, ambayo mifuo yake (mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ili kukizungusha kichwa) huanzia karibu mm 7.92 na ikichakaa hukaribia mm 8.00. Hapo gesi inapita ubavuni na risasi zinatawanyika kwenye shabaha.

Kwa hiyo tafuta chubwi ya kuvulia samaki ya madini ya risasi laini, kubwa kidogo kuliko tundu la mtutu. Hakikisha bunduki haina kitu, toa bolti, pitisha kitambaa chenye mafuta mtutuni. Ingiza chubwi mdomoni kwa nyundo ya mbao, kisha uisukume kwa nondo ya shaba iliyozungushiwa utepe, ukigonga kidogo kidogo. Usitumie kijiti cha mbao: kikipasuka mshazari kinajikaza mtutuni, na kukitoa ni kazi ya fundi. Sikiliza mkono wako wakati chubwi inasafiri. Ikikaza mwanzo hadi mwisho, mtutu ni mzima. Ikilegea ghafla katikati, pana uvimbe au ulaji wa kutu, na bunduki hiyo ipelekwe kwa fundi kabla hujanunua chochote. Kwa kuwa mdomo wa mtutu mara nyingi umekwisha kwa nondo ya kusafishia, sukuma chubwi ya pili kutoka upande wa chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) pale bunduki inaporuhusu, ulinganishe vipimo.

Pima kwa maikromita, maana kalipa ya kawaida haitoshi kwa tofauti ya sehemu ya mia ya milimita. Alama zilizotokeza kwenye chubwi ndizo mifuo, nawe unataka kipimo cha alama mbili zinazotazamana. Lee-Enfield nyingi zina mifuo mitano, kwa hiyo hakuna alama zinazotazamana. Zungushia chubwi ukanda mwembamba wa bati la shaba unaoujua unene wake, pima, kisha toa unene huo mara mbili.

Kichwa chenye koti la shaba kiwe sawa na kipenyo cha mifuo. Cha kuyeyusha na kumimina, kisicho na koti, kizidi kwa mm 0.025 hadi 0.05, la sivyo gesi inakilamba ubavu na kuacha madini ya risasi yamegandamana mtutuni. Lakini kabla ya kwenda na kichwa kinene, chukua ganda lililokwisha kupigwa kwenye bunduki hiyo hiyo, ambalo hujalirudisha umbo, ujaribu kukidondosha kichwa shingoni kwa vidole. Kikikataa kuingia, usikitumie. Shingo itakuwa haina nafasi ya kufunguka ndani ya chemba, kichwa kitachelewa kuachiwa, na presha itaruka.

Baada ya unene, urefu. Watu hutazama uzito, lakini kinachodai mzunguko wa mtutu (umbali ambao mifuo inakizungusha kichwa mara moja) ni urefu wa kichwa. Ili kujua mtutu wako unazungusha kwa kasi gani, funga kitambaa kinachobana kwenye nondo yenye mpini unaozunguka wenyewe, weka alama, sukuma mpaka alama irudi juu, kisha pima umbali uliosukuma. Halafu tumia kanuni ya Greenhill ya 1879: 150 mara kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa urefu wa kichwa, vyote kwa milimita. Kichwa cha mm 7.9 chenye urefu wa mm 32 kinataka mzunguko mmoja kila mm 292 au pungufu. Lee-Enfield inazungusha kila mm 254, hivyo inakitosha. Kanuni hii ni ya vichwa vyenye moyo wa madini ya risasi. Vichwa vya shaba tupu ni virefu zaidi kwa uzito ule ule, tena vinakula nafasi ya baruti ndani ya ganda, basi shuka ngazi moja ya uzito.

Kichwa kifupi mno nacho kina shida yake. Mauser ya Uswidi ya 6.5x55 ilitengenezewa kichwa kirefu cha greni 156 (karibu gramu 10), chenye pua ya duara, na koo la chemba yake, yaani nafasi iliyo kabla ya mifuo, ni refu. Kichwa chepesi kinaruka hewani kabla ya kugusa mifuo, kinaingia kimepinda, na shabaha inaonyesha hivyo. Kwa bunduki za aina hii ningeanza na pua ya duara yenye mbavu ndefu (sehemu inayogusa mtutu), hata kama kichwa chenye ncha kinapendeza macho.

Koti lifuate mwendo. Kichwa kizito cha .30-30 kinatoka kwa mita 670 hivi kwa sekunde. Kichwa kigumu cha bunduki za magnum (zenye mwendo mkali), kikipigwa kwa mwendo huo, kinapenya mnyama bila kufunguka na mnyama anakwenda kufia mbali. Chagua koti jembamba na ncha laini. Na kama magazini ni bomba chini ya mtutu, tumia ncha bapa tu, au ncha laini ya mpira iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: ncha kali ya shaba inakaa juu ya fataki (kiwashio cha kitako) ya risasi iliyo mbele yake, na mshtuko wa kupiga unaweza kuilipua.

Bunduki ya mitutu miwili hupangwa na fundi kwa uzito na mwendo mmoja, hivyo baki hapo hapo. Kama ina mitutu myembamba ya zamani, epuka vichwa vya shaba tupu visivyo na mifereji ubavuni. Mtutu wa chuma cha kusokotwa, au bunduki ya baruti nyeusi, haipewi kichwa chenye koti wala baruti isiyo na moshi.

Mwisho wa uchaguzi ni risasi bubu, isiyo na baruti wala fataki. Pasua shingo ya ganda kwa msumeno mwembamba, chomeka kichwa juu juu, funga bolti polepole, toa, pima urefu. Rudia mara tano. Toa mm 0.5 kwenye kipimo hicho, kisha angalia kama risasi inaingia magazini na kama kichwa kimezama shingoni angalau sawa na kipenyo chake. Masharti hayo yakigongana, magazini na shingo ndizo zinazoshinda, kichwa kirudi nyuma.

Ukibadilisha kichwa, hata kwa kingine chenye uzito ule ule, rudi kwenye kipimo cha chini cha baruti kilichoandikwa kwenye kitabu cha kujazia kwa kichwa hicho, kwani mbavu ndefu zaidi au koti gumu zaidi hupandisha presha. Piga tano kwenye karatasi mita 50. Matundu yakiwa marefu kama ya funguo badala ya duara, kichwa kinayumba: ama ni chembamba kwa mtutu, ama ni kirefu kwa mzunguko wake, na kipimo cha chubwi kitakuambia ni kipi.