Mambo ya kuzingatia kabla ya kuuliza dawa za kinga kwa saratani ya mlango wa kizazi

Mama mdogo alipopewa majibu ya kinyama, yaani kile kipande kilichokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe, na kuambiwa ni saratani ya mlango wa kizazi, tulikaa kwenye benchi la nje pale Dodoma mjini akaniuliza, "Mwanangu, kinga yangu ilikuwa wapi siku zote hizi?" Ninaandika kwa ajili ya yeyote anayemsindikiza mgonjwa wake kutoka Kongwa, Mpwapwa, Kondoa au popote. Ukilielewa jibu la swali hilo, utajua nini cha kubeba na nini cha kuuliza kuhusu dawa za kinga, yaani dawa zinazoiachilia kinga ya mwili ipigane na saratani, kabla hujaingia kwa daktari.

Kinga ilikuwepo. Kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani hii, hujificha kwenye utando wa mlango wa kizazi, hakizunguki kwenye damu wala hakiui seli kwa fujo, kwa hiyo mwili hauna la kuushtua. Hata hivyo wanawake wengi hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hatari ni pale kinapong'ang'ania kwa miaka, hasa aina ya 16 na ya 18, ambazo kwa pamoja husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Protini yake iitwayo E6 huiharibu p53, mlinzi anayeizuia seli yenye hitilafu isiendelee kugawanyika. E7 nayo humzima mlinzi mwingine, pRb. E5 hupunguza alama ambazo seli huonyesha nje ili kinga itambue kuwa ndani mna mgeni.

Seli T, askari wa kinga, nazo zina breki yao iitwayo PD-1. Breki hiyo tumeumbwa nayo kwa faida yetu, ili askari wasichome nyumba wanayoilinda. Seli nyingi za saratani ya mlango wa kizazi hubeba juu yake protini iitwayo PD-L1, na hiyo ndiyo inayoibonyeza breki. Tafiti zimezihusisha E6 na E7 na kuongezeka kwa PD-L1. Hata mapambano yenyewe huchangia: seli T zikimwaga interferoni gama, kemikali yao ya vita, saratani hujibu kwa kuongeza PD-L1. Askari wamefika mlangoni, lakini wamefungwa mikono.

Dawa za kinga kama pembrolizumab huiziba PD-1 ili isibonyezwe. Tasuku Honjo, ambaye maabara yake iliigundua PD-1, na James Allison walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kazi ya breki hizi. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha pembrolizumab kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyorudi au kusambaa baada ya dawa za kemo, kwa wagonjwa ambao uvimbe wao una PD-L1. Januari 2024 ikaruhusiwa pamoja na mionzi na kemo kwa baadhi ya wagonjwa ambao ugonjwa umeshakomaa.

Kwa hiyo, kabla ya safari, fuatilia kinyama. PD-L1 hupimwa kwenye kile kipande kilichohifadhiwa ndani ya nta, si kwenye damu. Uliza namba yake na maabara kilikobaki. Sisi tulikwenda na karatasi ya majibu tu, na ikatubidi kurudi.

Andika kila ugonjwa na kila dawa. Baridi yabisi, lupasi (ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili), figo ya kupandikizwa, vidonge vya predinisoloni vinavyopunguza nguvu ya kinga: haya yote daktari ayajue, kwa sababu breki ikiachiwa, kinga inaweza kuushambulia mwili wenyewe. Hali ya VVU isifichwe. Mwanamke anayeishi na VVU yuko katika hatari ya saratani hii takriban mara sita zaidi, na dawa zake za ARV zisiachwe. Zile dawa za mitishamba "za kuongeza kinga" zitajwe pia, hata kama mnaona haya kuzitaja. Tatizo la mama mdogo halikuwa uchache wa askari, bali breki.

Ulizeni bei mapema, na bima italipa nini, maana dripu hii hurudiwa kila wiki tatu au sita na ni ghali mno kwa familia nyingi. Hapa nitasema kwa msisitizo: msiahirishe mionzi mkisubiri kuchangishana fedha za dawa hii. Mionzi na kemo bado ndiyo msingi wa tiba kwa ugonjwa uliokomaa pale ulipo bila kusambaa mbali, na kwa wengi wetu rufaa hiyo hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mpangeni nani atabaki naye huko kwa wiki kadhaa.

Akianza dawa ya kinga, kuharisha, kukohoa, kuishiwa pumzi, vipele au uchovu usioisha vinaweza kuja hata miezi kadhaa baadaye. Huku kwetu anaweza kutibiwa malaria au taifodi kimakosa. Atembee na karatasi yenye jina la dawa, na aionyeshe zahanati yoyote atakayoingia.

Chanjo ya HPV haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia, ila mwaka 2024 Tanzania ilianza kuwapa mabinti wa miaka 9 hadi 14 dozi moja ya kuwakinga. Dada za mgonjwa wapimwe kwa siki, inayopakwa kwenye mlango wa kizazi ili kuonyesha sehemu zenye mabadiliko. Mama yangu alikwenda wiki ileile, akiwa amemshika mkono mdogo wake.