Kunasa na Kubadilisha Pakiti Ghafi za Mtandao kwa Python kwenye Linux

Kabla ya kuandika programu, tenga mtandao wa majaribio: kompyuta mbili zilizounganishwa kwa kebo moja tu ya mtandao (Ethernet), ya aina inayopatikana kwa urahisi Kariakoo. Usijaribu mambo haya kwenye Wi-Fi ya mgahawa wa Mikocheni wala ya ofisi ambayo hujapewa kibali, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini, na mazungumzo ya mtu yanastahili heshima hata yanapopita hewani karibu nawe.

Linalowakwamisha wengi ni kudhani kwamba kunasa na kubadilisha pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni, ni kazi moja. Soketi ghafi ya AF_PACKET, yaani mlango wa Linux unaoiwezesha programu kusoma pakiti jinsi zilivyo, hukupa nakala ya pakiti, ilhali pakiti yenyewe inaendelea na safari yake. Ukiihariri nakala hiyo, anayepokea hataona tofauti yoyote. Hata hivyo, anza nayo, kwa sababu ndiyo itakayokufundisha kusoma. Ifungue kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, kisha ruka baiti 14 za mwanzo, ambazo ni kichwa cha Ethernet. Baiti inayofuata kwa kawaida itakuwa 45 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita: 4 ni toleo la IP, na 5 ni urefu wa kichwa kwa mafungu ya baiti nne nne, yaani baiti 20. Baiti ya kumi ya kichwa hicho hutaja itifaki iliyobebwa, yaani kanuni za kusafirisha data, 6 ikiwa TCP na 17 ikiwa UDP.

Ili kubadilisha, lazima pakiti isimamishwe njiani. Kwenye kompyuta inayotuma, amri hii ya iptables, kichujio cha pakiti cha Linux, huipeleka kila pakiti ya UDP inayokwenda bandari 9000 kwenye foleni ambako programu yako inaisubiri:

sudo iptables -A OUTPUT -p udp --dport 9000 -j NFQUEUE --queue-num 1

Programu hiyo, ikitumia maktaba za Python ziitwazo NetfilterQueue (ya kusoma foleni) na Scapy (ya kuhariri pakiti), huichukua pakiti kwa get_payload(), huibadilisha, huirudisha kwa set_payload() na kuiruhusu kwa accept(). Tuseme ujumbe ni BEI=1500 nawe unaandika BEI=1200. Urefu haujabadilika, lakini namba ya ukaguzi ya UDP (checksum), inayoonyesha kama data imebadilika njiani, sasa si sahihi, na kompyuta inayopokea itaitupa pakiti kimyakimya. Kwa hiyo futa sehemu za chksum za IP na UDP kwa del, na Scapy itazikokotoa upya. Urefu ukibadilika, futa pia sehemu za len.

Hakikisha matokeo kwa tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, kwenye kompyuta inayopokea. Kwenye inayotuma, tcpdump mara nyingi hulalamika kuhusu namba za ukaguzi hata za pakiti zisizo na kosa lolote, maana kadi ya mtandao huzikokotoa baadaye.

TCP ni ngumu zaidi: ukiongeza hata baiti moja, utalazimika kurekebisha namba za mfuatano, zinazohesabu baiti, za upande uliobadilishwa na namba za uthibitisho wa kupokea za upande wa pili hadi muunganisho ufungwe. Data iliyosimbwa kwa TLS, itifaki ya kulinda siri ya mawasiliano, nayo haibadilishiki hivi, kwani mpokeaji atagundua na kukata muunganisho.

Programu ikizimwa huku kanuni ya iptables ikiwa bado ipo, pakiti zote za bandari hiyo zitatupwa. Ifute kwa amri ileile ukiweka -D badala ya -A.