Chuma na kalsiamu visikutane tumboni
Uliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni, usibugie vidonge vyote kwa mkupuo mmoja. Kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa, hivyo vitenganishe kwa saa 2 au zaidi. Kalsiamu yenyewe igawe: miligramu 500 hadi 600 kwa mara moja, mpaka itimie 1,200 hadi 1,500 kwa siku. Soma lebo ya kopo. Chagua kalsiamu ya aina ya sitreti, maana ile ya kaboneti hutaka asidi nyingi ya tumbo, na sasa unayo kidogo. Chuma kimeze kwa maji, si kwa chai ya rangi (hapo ndipo wengi hukwama). Ukitapika mfululizo, usingoje tarehe ya kliniki: akiba ya vitamini B1 huisha ndani ya wiki chache, na mishipa ya fahamu huumia.