Somo: Draiva ya Mwigo, Draiva Feki na Draiva ya Mtumba

Baadhi ya wanachama wetu wa Tanga wameletewa draiva, yaani fimbo za gofu za kupigia mpira mbali zaidi, zinazouzwa kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya dukani, nao wanauliza kama zinafaa kununuliwa. Draiva mpya ya Callaway, TaylorMade, Ping au Titleist huuzwa Marekani kwa takriban dola 500 hadi 650, yaani zaidi ya shilingi milioni moja hata kabla ya usafiri na ushuru, kwa hiyo anayetafuta nafuu ana sababu ya haki kabisa. Msimamo wangu ni kwamba draiva feki isinunuliwe kwa bei yoyote, draiva ya mwigo inunuliwe kwa masharti, na kwa kiasi hicho hicho cha fedha draiva halisi ya mtumba karibu kila mara ni bora kuliko zote mbili. Fuateni hatua hizi kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Hatua ya kwanza: Fahamu unauziwa nini

Draiva feki hubeba jina na nembo ya kampuni ambayo haikuitengeneza. Draiva ya mwigo hufuata umbo la draiva maarufu lakini huuzwa kwa jina lake yenyewe, na muuzaji wake hakudanganyi kuhusu mahali ilipotoka. Kuuza bidhaa feki ni kosa nchini mwetu chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo husimamiwa na Tume ya Ushindani. Zipo pia zile ambazo jina lake limebadilishwa herufi moja tu ili jicho lipotee. Hizo mimi naziweka kundi moja na feki, kwa kuwa nia ni ile ile.

Hatua ya pili: Fikiria kichwa kimetengenezwa kwa metali gani

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, nami naomba msomaji asiparuke. Kanuni za vifaa zinazotolewa na R&A na USGA, vyombo vinavyotunga kanuni za gofu duniani, zinataka kichwa cha draiva kisizidi sentimita za ujazo 460, na vichwa vingi vya ukubwa huo huwa na uzito wa karibu gramu 200. Mtengenezaji, kwa hiyo, ana gramu 200 za kutandaza juu ya umbo kubwa lililo tupu ndani. Titani ina uzito wa takriban gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo na ni imara sana, ndiyo maana ilitawala draiva tangu miaka ya 1990. Chuma cha pua kina karibu gramu 7.8, hivyo anayekitumia hulazimika kupunguza ukubwa wa kichwa, au kuzifanya kuta kuwa nyembamba mno hadi zibonyee. Alumini ina gramu 2.7 tu, lakini ni laini, na ili isibonyee hutengenezwa ikiwa nene, na uso mnene haurushi mpira vizuri.

Uso wa draiva nzuri hujipinda kidogo sana unapogonga mpira kisha hurudi, na kurudi huko ndiko kunakouongezea mpira kasi. Kanuni zimeweka kikomo cha jambo hilo kwa kupima muda ambao uso unagusana na kifaa maalumu cha kupimia: maikrosekunde 239, pamoja na nyongeza ya 18 inayovumiliwa. Kampuni kubwa hukaribia kikomo hicho kwa makusudi na hupima vichwa vyake ili visikivuke. Anayeiga umbo la nje tu hana gharama ya vipimo hivyo katika bei yake, na matokeo yake ni kwamba vichwa viwili kutoka boksi moja vinaweza kutofautiana, kimoja kikiwa hakirushi mpira vizuri na kingine kikivuka kikomo.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mchezaji anayepeleka kichwa cha fimbo kwa maili 90 kwa saa, akigonga katikati kwa draiva inayozidisha kasi hiyo mara 1.48, mpira wake huondoka kwa maili 133 hivi. Draiva inayozidisha mara 1.42 itampa maili 128. Kila maili moja ya kasi ya mpira ni takriban yadi 2, kwa hiyo amepoteza yadi 10. Kwa anayeanza, hasara hiyo inavumilika. Isiyovumilika ni ile inayotokea anapogonga karibu na kidole (ncha) au kisigino (upande wa shingoni) cha uso, kwa sababu draiva halisi imegawanyiwa uzito pembezoni ili kichwa kisizunguke, na mgawanyo huo wa ndani hauigiki kwa kutazama picha.

Hatua ya tatu: Sumaku na mizani

Nenda na sumaku ndogo. Titani haivutwi na sumaku, hivyo uso unaodaiwa kuwa wa titani ukiing'ang'ania, maongezi yameisha. Usiishie hapo, maana alumini nayo haivutwi; pima uzito wa fimbo nzima kwa mizani ya kidijitali, ya aina ile inayotumika kupimia viungo Ngamiani, kisha ulinganishe na uzito uliotangazwa na kampuni. Tikisa kichwa usikilize kama kuna kitu kinachocheza ndani. Tazama rangi kwenye maungio, unene wa herufi za nembo, na namba ya utambulisho iliyochongwa shingoni mwa kichwa.

Hatua ya nne: Shafti

Wengi hutazama kichwa na kuisahau shafti, yaani mpini wa fimbo, ilhali ndiyo inayoamua uso utafikaje kwenye mpira. Herufi R au S ya kuonyesha ugumu, iliyochapishwa juu yake, ni rahisi kuiandika na ni ngumu kuitimiza. Shafti ya nyuzi za kaboni iliyotengenezwa ovyo hujipinda na kujisokota tofauti kila pigo, na mchezaji huanza kurekebisha mkono wake ili kuifuata fimbo mbovu. Tabia hiyo humganda kwa muda mrefu baada ya fimbo yenyewe kutupwa. Lipo pia suala la usalama, kwani gundi dhaifu huweza kuachia kichwa kikaruka kuelekea kwa kijana anayebeba mfuko.

Hatua ya tano: Uliza bei ya mtumba

Draiva halisi ya miaka mitano au sita iliyopita ilikuwa tayari na kichwa cha 460 na uso uliokaribia kikomo kile kile cha leo, kwa kuwa vikomo hivyo vimekuwapo tangu miaka ya 2000. Ulizieni kwenye klabu za gofu za Gymkhana au Lugalo jijini Dar es Salaam, na kwa anayevuka mpaka wa Horohoro kwenda Kenya, klabu ya Nyali, Mombasa. Kagueni nyufa usoni, na kwa fimbo iliyokaa pwani kagueni kutu kwenye skrubu ya shingo, maana chumvi ya hewa yetu haina huruma.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Muheza: Shikamoo mwalimu. Jina la draiva yangu limo kwenye orodha ya vichwa vilivyoidhinishwa, lakini naishuku kuwa ni feki. Je, naweza kuingia nayo mashindanoni?

Jibu: Marahaba. Orodha hiyo inahusu kichwa kilichopimwa, kwa modeli na kwa digrii za mwinuko wa uso, wala haihusu kila kitu kilichoandikwa jina hilo. Ukipiga pigo kwa fimbo isiyokidhi kanuni, adhabu ni kuondolewa mashindanoni. Ukiibeba bila kuipiga huadhibiwi, ingawa inahesabika katika zile fimbo 14 ambazo mchezaji anaruhusiwa kubeba. Mwonyeshe msimamizi kabla ya kuanza, na umrudishie muuzaji ukiwa na risiti.

Mwanachama wa Chumbageni: Mwigo wangu haumo kabisa kwenye orodha. Basi ni haramu?

Jibu: Si lazima. Orodha hutumika pale tu kamati ilipoweka kanuni ya mahali inayoitaka, na kwa kawaida ni katika mashindano ya juu. Kwingineko kinachotakiwa ni kichwa kukidhi kanuni za vifaa, jambo ambalo kwa mwigo ni vigumu kulithibitisha. Iulizeni kamati mapema.

Mwanachama wa Pangani: Mwalimu, sisi wanawake tunaletewa mwigo wenye shafti ya aina moja tu. Tufanyeje?

Jibu: Msikubali, dada zangu. Anayepiga kwa kasi ndogo anahitaji shafti nyepesi na laini zaidi, na uso wenye mwinuko wa digrii 12 au zaidi. Kama haipatikani, acheni draiva kwa sasa. Hakuna kanuni inayomlazimisha mtu kuibeba, na fimbo iitwayo mbao (jina tu), namba 3 au namba 5, hupandisha mpira kwa urahisi zaidi.

Mwanachama wa Raskazoni: Mwanangu yuko Uingereza na ameona draiva ya mtumba mtandaoni. Nimwambie nini?

Jibu: Mwambie aombe picha ya uso, ya shingo na ya namba ya utambulisho kabla ya kulipa, kisha aitumie kampuni namba hiyo aulize kama ni yao. Aulize pia kama shafti ni ile iliyotoka nayo kiwandani au imekatwa, kwa sababu ikishakatwa, hata inchi moja, ugumu wake na uzito wa fimbo mkononi si ule ulioandikwa tena.